Kutoka Simu ya Mezani hadi Simu ya Bando: Okoa Kredo, Lakini Laini Usiitupe

Kuna nyumba hapa Kenya ambamo simu ya mezani bado iko pale pale sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, na kando yake kijitabu cha nambari. Bili inakuja kila mwezi, uwe umepiga au hujapiga. Kuna pia zahanati, maduka ya vifaa na nyumba za wageni ambazo nambari ya mezani ndiyo iliyochapishwa kwenye risiti na kwenye bango la barabarani. Wenyewe hutuuliza swali moja: tukihamia simu za intaneti, kweli tutaokoa pesa?

Jibu fupi ni ndiyo, mara nyingi mtaokoa. Jibu refu ndilo limetufanya tuandike makala haya, kwa sababu siku hizi laini ya simu si ya kupigia tu. Imebeba pesa zako pia, na mtu anaweza kuokoa mia mbili za kredo kisha akapoteza elfu ishirini kwa njia ambayo hakuiwazia.

Tulikotoka

Wengi wetu kwenye timu hii tulizaliwa wakati simu za mezani zinafunga virago, kwa hivyo ilibidi tuwaulize wazazi. Wanakumbuka kufuli ndogo iliyowekwa kwenye kile kisahani cha kuzungusha nambari ili watoto wasipige mzazi akiwa kazini. Wanakumbuka foleni kwenye kibanda cha simu, sarafu mkononi, na mtu wa nyuma anakohoa ili umalize haraka. Mambo yote ya barua na simu yalikuwa chini ya shirika moja, KPTC, hadi lilipogawanywa mwaka 1999: Telkom Kenya ikachukua simu, Posta ikabaki na barua, na tume ikaundwa ya kusimamia sekta. Kuomba laini ya nyumbani kulikuwa kungoja, na kwa wengine kungoja huko kulikuwa kwa miaka. Laini za nyaya nchini hazikuwahi kufika hata nusu milioni.

Halafu simu za mkononi zikaja, wezi wa shaba wakamalizia nyaya zilizobaki, na mengine unayajua.

Intaneti nayo ilichelewa kuwa ya kupigia simu. Kabla ya mwaka 2009 tulitegemea setilaiti, ambazo ziko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Sauti inapanda, inashuka, na jibu linafuata safari hiyo hiyo, kwa hivyo unauliza "habari?" halafu unangoja kabla hujasikia "nzuri." Waliowahi kupiga Skype kwenye saiba enzi hizo wanajua mlikuwa mnaongea kwa zamu kama watu wa redio ya upepo. Nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009 na hapo ndipo maongezi yakaanza kuwa maongezi. WhatsApp iliongeza simu za sauti mwaka 2015. Skype yenyewe ilifungwa Mei 2025, kwa hivyo kama bado kuna mtu anakuambia "nipate Skype," huyo mwelekeze upya.

Pesa inaenda wapi

Kwenye simu ya kawaida unalipia dakika, na unalipa zaidi kadiri unavyovuka mipaka. Kwenye simu ya intaneti sauti yako inakatwa vipande vidogo vidogo, inatumwa kama data, kisha inaunganishwa tena upande wa pili. Data haijali kama mwenzako yuko Githurai au Toronto. Ndiyo sababu ukipigia watu wa nje, tofauti ya gharama inaonekana mara moja, lakini ukimpigia jirani tofauti inaweza kuwa ndogo sana, hasa kama una bando la dakika kutoka kwa mtandao wako.

Hebu tupige hesabu. Simu ya sauti kwenye programu kama WhatsApp hula takriban nusu MB hadi MB moja kwa dakika, kutegemea ubora wa mtandao. Tuchukue ile kubwa, MB moja. Bando la GB moja litakupa kama dakika 1,000, yaani zaidi ya saa 16. Sasa chukua bei ya bando unalonunua wewe, gawanya kwa 1,000, halafu linganisha na bei ya dakika moja ya kupigia nchi unayopigia. Hatuandiki bei hapa kwa sababu mabando hubadilika kila uchao, lakini hesabu ni hiyo.

Video ni hadithi nyingine. Inaweza kula mara tano, hata mara kumi ya sauti. Shosho akitaka kuona mjukuu, sawa, mwonyeshe, kisha mzime kamera muendelee kuongea. Kwenye WhatsApp ingia mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uwashe chaguo la kutumia data kidogo wakati wa simu. Na kabla ya kupiga angalia bando limebaki kiasi gani. Bando likiisha katikati ya maongezi, simu inaweza kuanza kula kredo ya kawaida, na kredo ikiliwa na data bila bando huisha ukiwa bado unasema "haloo, unanisikia?"

Programu, au kifaa cha nyumbani?

Watu wengi wakisema simu ya intaneti wanamaanisha programu kwa programu: wewe una WhatsApp, yeye ana WhatsApp, kila mtu analipia data yake. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa familia nyingi inatosha. Shida ni mama aliye kijijini na kabambe. Yeye hana programu, ana nambari. Kwa mtu kama huyo kuna programu zinazokuruhusu kuweka pesa kidogo halafu upige nambari ya kawaida kupitia intaneti. Viber Out ni mfano. Linganisha bei kabla ya kuweka pesa, maana kupigia nambari za Kenya kutoka nje si lazima kuwe rahisi kama tangazo linavyodai.

Kwa ofisi na nyumba za wageni kuna njia ya tatu: mtoa huduma wa faiba anakupa nambari inayopita kwenye intaneti, na kifaa kidogo kinachounganisha ile simu yenu ya zamani na rauta. Mteja anapiga kama kawaida, na kwenye meza hakuna kinachoonekana kubadilika. Kama nambari yenu ya zamani inajulikana na wateja, uliza kwanza kama itahamishika au itapotea. Uliza ukiwa bado na laini ya zamani mkononi. Ukishaikata, kuirudisha ni kazi.

Jambo moja watu hulisahau. Simu ya mezani ya nyaya ilikuwa inapata umeme wake kutoka kituo cha simu, kupitia waya ule ule. Stima ikipotea mtaani, simu ilikuwa bado inaita. Simu ya intaneti ya nyumbani inategemea rauta, na rauta inategemea stima ya nyumbani. Ikipotea, kimya. Zahanati inayohamia huku bila betri ya akiba ya rauta itakuja kujuta usiku mmoja wa mvua. Na usitegemee WhatsApp kupiga 999 au 112: haina uwezo huo. Kwa dharura unahitaji laini ya kawaida.

Walio Ghuba

Wengi wanaotuuliza haya wana mtu Ghuba. Binti yuko Dubai, kaka yuko Doha, na kila Ijumaa nyumbani wanangoja simu. Hapa lazima tuseme wazi: Umoja wa Falme za Kiarabu unaruhusu ujumbe wa WhatsApp lakini umezuia simu zake za sauti na video. Kwa hivyo ukijaribu kumpigia binti ikakataa, usidhani amekublock au amepatwa na jambo. Huko hutumiwa programu zilizopewa leseni, kama Botim, na itabidi wewe pia uiweke kwenye simu yako. Saudi Arabia iliondoa marufuku yake ya jumla Septemba 2017, ingawa si programu zote zilizofunguka siku hiyo.

Kuna watakaokuambia "tumia tu VPN." Sheria za Emirati zina faini kubwa sana kwa anayetumia VPN kufanya lililokatazwa, na anayebeba hatari hiyo si wewe uliye Machakos, ni yule aliye kazini kule kwa visa ya mwajiri. Usimsukume.

Laini iliyolala

Sasa tufike kwenye lile linalotunyima usingizi sisi watu wa malipo.

Mtu akishazoea kupiga kwa bando, hasa akiwa na waifai nyumbani, laini yake huacha kutumika. Haiwekwi kredo na haipigi. Labda hata ameitoa akaiweka kwenye droo, kwa sababu WhatsApp inaendelea kufanya kazi hata kadi ya simu ikiwa haimo. Aliyesafiri nje ndiye hufanya hivi zaidi: anaweka laini ya kule, WhatsApp inabaki na nambari ya Kenya, na kila kitu kinaonekana sawa.

Lakini kampuni ya simu huihesabu laini isiyotumika kwa miezi kadhaa kuwa imelala, na baadaye inaweza kuiuza upya kwa mtu mwingine. Huyo mtu mpya hana kosa lolote; amenunua laini dukani. Ila sasa jumbe za siri za WhatsApp yako zinaweza kuingia kwake. Mjomba akituma mchango wa harambee kwa ile nambari anayoijua tangu zamani, jina linalotokea kwenye simu yake ni la mtu asiyemfahamu, na kama hasomi jina kabla ya kuthibitisha, pesa imeenda.

Kwa hivyo laini yenye pochi yako ya pesa iweke hai. Weka kredo kidogo, piga simu, tuma hata shilingi kumi, usiache miezi ipite. Kama umeamua kuiacha kabisa, toa pesa zote kwanza, badilisha nambari kwenye WhatsApp na kwenye benki, kwenye SACCO na kwa yeyote anayekutumia nambari za kuthibitisha, na uwaambie watu wako. Na kumbuka kwamba ombi la kuweka nambari ya siri ya malipo huja kupitia laini yenyewe, au ndani ya programu rasmi uliyofungua mwenyewe. Haliji kwa simu ya WhatsApp. Anayekupigia huko akijiita huduma kwa wateja, hata kama ameweka nembo yetu kwenye picha yake, kata.

"Ni mimi, nimekwama"

Simu ya mezani ilikuwa na usalama mmoja wa ajabu: ulijua sauti. Siku hizi ujumbe unakuja kutoka kwa nambari ya dada yako, na picha yake, kwamba amekwama hospitalini na simu yake haina kredo, tuma elfu tano na ya kutolea. Nambari ni yake kweli, aliyeishika ndiye siye.

Mara nyingi ilianza hivi: mtu alimwomba dada tarakimu sita zilizotumwa kwake "kimakosa." Alipozitoa, akaunti yake ikahamia kwenye simu ya mwizi. Wengine huambiwa wapige nambari inayoanza na **21* ikifuatwa na nambari ya mtu. Hiyo ni amri ya kuelekeza simu zako zote kwa huyo mtu, ikiwemo simu ya kusomewa tarakimu za kuthibitisha. Kama umewahi kupiga kitu kama hicho, piga ##002# sasa hivi kufuta maelekezo yote. Kisha ingia kwenye mipangilio ya akaunti ya WhatsApp uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, uweke nambari ya siri ambayo si ile ya pochi wala si mwaka wa kuzaliwa.

Ombi la pesa likija kwa ujumbe, piga simu ya kawaida usikie sauti. Kama yuko nje na haiwezekani, muulize kitu ambacho hakijawahi kuandikwa popote: paka wa shosho aliitwa nani, au nani alianguka mtoni ile Krismasi. Familia nyingine wamekubaliana neno moja kabisa la kuulizana, na hawaliandiki kwenye kikundi cha WhatsApp, kwa sababu mwizi akiingia ataanza kwa kusoma jumbe za nyuma.

Na ikiwa tayari umetuma, usianze kubishana naye kwenye chati. Pigia huduma kwa wateja mara hiyo, ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi. Pesa ikiwa bado haijatolewa kwa wakala kuna la kufanya. Ikishatolewa, kilichobaki ni kituo cha polisi na nambari ya muamala.