Vidole vya Kasuku: Kwa Nini Viwili Hutazama Nyuma?



Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, katika ukurasa huu wa maarifa tunazungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini nusura limpotezee mguu kiumbe asiye na hatia. Mti mkubwa ulikatwa shambani, si mbali na mji wetu wa Ifakara, na ndani ya pango la mti ule likapatikana kinda la kasuku. Vijana wakalichukua nyumbani, wakalilisha ndizi. Siku ya pili mmoja wao akaona kwamba katika kila mguu vidole viwili vimeelekea nyuma. Wakadhani kinda limeteguka mti ulipoanguka. Kwa nia njema kabisa wakavivuta mbele vidole vya nje, wakavifunga kwa uzi.

Tulipoitwa kutazama, miguu ilikuwa imekwishavimba. Mzee mmoja aliyekuwepo akasema, "Wajukuu zangu, fungueni haraka. Huyu ndivyo alivyoumbwa." Uzi ukakatwa, uvimbe ukapungua, lakini kidole kimoja kilibaki kigumu. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema sote tujifunze namna vidole vya ndege vilivyopangwa, ili huruma yetu isiwe madhara.

TUHESABU VIDOLE

Mkamate kuku wa nyumbani kwa upole, umtazame miguu. Utaona vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Njiwa, kunguru na kwera nao wako hivyo hivyo. Huu ndio mpangilio wa ndege walio wengi.

Wataalamu huvihesabu vidole hivi kwa namba. Kile cha nyuma ndicho cha kwanza. Kisha wanahesabu kutoka upande wa ndani kwenda nje: cha pili, cha tatu na cha nne. Kila kimoja kina idadi yake ya vipingili vya mifupa: cha kwanza viwili, cha pili vitatu, cha tatu vinne, na cha nne vitano.

Sasa mwangalie kasuku. Kidole cha pili na cha tatu viko mbele, lakini cha kwanza na cha nne viko nyuma. Tunajuaje kwamba kilichogeuka ni cha nne? Kwa sababu kile cha nje kinachotazama nyuma kina vipingili vitano. Hakikuongezwa wala hakikupunguzwa, bali kimewekwa upande mwingine. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza mayai ya kasuku mdogo wa Australia walieleza kwamba kidole hicho huanza kikitazama mbele, kisha misuli hukigeuza nyuma kinda akiwa bado ndani ya yai. Kwa hiyo uzi wetu ulikuwa unapingana na kazi iliyokamilika kabla ya kinda kuanguliwa.

FAIDA YAKE NI NINI?

Fikiria koleo la mhunzi. Hushika vizuri kwa kuwa lina pande mbili zinazokutana. Mguu wa kasuku ni hivyo hivyo: vidole viwili huku, viwili kule, na tawi katikati. Kinyonga naye, ingawa si ndege, amegawiwa vidole vyake vitano katika mafungu mawili, moja la viwili na jingine la vitatu, naye hushika tawi kwa namna hiyo hiyo.

Kwa mguu huo kasuku hupanda, huning'inia kichwa chini, na huinua tunda hadi mdomoni kama mtu anayetumia mkono. Akipanda hutumia pia mdomo. Mwaka 2022 watafiti walimpima cherero, kasuku mdogo mwenye mkia mfupi, akipanda ukuta uliosimama wima. Waligundua kwamba mdomo wake huvuta mwili kwa nguvu sawa na mguu au kuzidi. Ni kana kwamba ana miguu mitatu! Ndugu zake cherero huyo tunao hapa Tanzania, upande wa Serengeti na katika nyanda za kati kama Dodoma na Iringa.

KAKATUA, KASUKU WA KISHUNGI

Huenda baadhi yenu mmeona katika picha kasuku mweupe mwenye kishungi kichwani. Huyo ni kakatua, na jina lake limetoka katika lugha ya Kimalei. Makwao ni Australia, Papua, Indonesia na Ufilipino. Hapa Afrika si ndege wa porini. Vidole vyake ni viwili mbele na viwili nyuma, sawa na kasuku wetu. Yuko kakatua mmoja mkubwa mweusi, kaskazini mwa Australia, ambaye hushika kijiti kwa mguu na kupiga nacho gogo kama ngoma.

Kakatua wengi hushika chakula kwa mguu wa kushoto. Wanafunzi wetu wasifanye hilo kuwa hoja! Ndege hakukalifishwa sharia. Sisi tunakula kwa mkono wa kulia.

Na historia inatufunza jambo. Katika karne ya 13 Sultani wa Misri, al-Malik al-Kamil, alimpelekea kakatua mweupe Mfalme Frederick wa Pili kule Sicily. Picha za ndege huyo zimo katika kitabu cha mfalme huyo kuhusu ndege wa kuwindia. Maana yake ni kwamba biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa imekwishafika visiwa vya mbali vya mashariki miaka mingi kabla ya meli za Wazungu.

HAPA KWETU BONDENI

Bonde la Kilombero ni ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na limeandikwa katika Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002. Humu tuna darasa zima la miguu ya ndege. Yuko kwera wa Kilombero, aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 1990, ambaye haishi popote duniani isipokuwa katika bonde hili. Yeye hukaa kwenye matete kwa vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Yuko ndege mwenye vidole virefu mno, atembeaye juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama, kwa kuwa uzito wake husambaa. Yuko dudumizi, ambaye watu husema analia kuita mvua, na kigong'ota anayetoboa miti. Hawa wawili wana viwili mbele na viwili nyuma kama kasuku, ingawa si wa jamii moja naye. Bundi yeye anaweza kukigeuza kidole cha nje mbele au nyuma apendavyo.

Nenda pembezoni mwa jaruba la mpunga asubuhi, utazame nyayo katika tope. Wayo wa kuku utafanana na mshale. Ukikuta alama mfano wa herufi X, yumkini dudumizi amepita.

WAJIBU WETU

Kwanza, ukimwona ndege mwenye vidole viwili nyuma, usimnyooshe. Pili, usimfunge ndege uzi mguuni kwa mchezo, wala usimtege kwa ulimbo. Damu ikizuiwa kidole hufa. Tatu, anayefuga ndege kihalali ampatie vijiti vya mti vya unene mbalimbali, si chuma chembamba kilicho laini, ambacho humletea vidonda. Nne, kasuku hatoboi mti mwenyewe kama kigong'ota, bali hutaga katika mapango yaliyopo. Tukikata miti yote mikubwa ya zamani kwa ajili ya mkaa na mashamba, tunakuwa tumembomolea nyumba. Tano, kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukiokota kinda, mpeleke taarifa ofisa wa wanyamapori. Ndivyo ilivyofanyika kwa yule wetu.

Tumesoma katika hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamuru masahaba waliochukua makinda wamrudishie mama yao. Pia alikuwa akimtania kwa upole mtoto Abu Umayr kuhusu kijindege chake, wala hakumkataza kumfuga. Basi kufuga kwa wema si dhambi. Dhambi ni kutesa. Na kutojua hakuondoi maumivu ya anayeteswa. Tuulize kwanza, ndipo tushike uzi.