Santorini: Mji Uliohamwa Mapema

Santorini, huko Ugiriki, wengi wanaijua kwa picha za nyumba nyeupe zilizojengwa ukingoni mwa genge. Genge lenyewe, linalofika mita 300 hivi, ni ukuta wa ndani wa volkano. Kisiwa kikubwa cha Thera, jirani yake Therasia na kijisiwa cha Aspronisi ni ukingo tu uliosalia wa mlima huo. Katikati yake bahari imejaza shimo la kilomita 11 kwa 7, lenye kina cha karibu mita 400, hata meli nyingi hazipati pa kutia nanga. Humo vimechomoza visiwa viwili vyeusi, Palea Kameni na Nea Kameni, vilivyojengwa na milipuko ya kipindi cha takriban miaka 2,000 iliyopita. Wa mwisho ulitokea 1950.

Mlipuko unaowashughulisha zaidi wataalamu ni wa zamani zaidi. Mwaka 2006 vilitangazwa vipimo vya kaboni vya tawi la mzeituni lililofukiwa na majivu yake, vikaelekeza mwisho wa karne ya 17 KK. Wanaakiolojia wanaolinganisha vyombo vya udongo na historia ya Misri hutaja karne ya 16. Ubishi huo bado unaendelea.

Majivu yale yalikuja kuwa biashara. Ukiyachanganya na chokaa unapata saruji inayostahimili maji, na katika miaka ya 1860 yalisafirishwa kwa ajili ya ujenzi wa Mfereji wa Suez. Wachimbaji wake ndio waliogonga kuta za nyumba za kale huko Therasia. Karne moja baadaye, mwaka 1967, mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alianza kufukua Akrotiri, kusini mwa Thera: mji wenye nyumba za ghorofa mbili hadi tatu, mitaro ya maji machafu chini ya barabara za mawe, na kuta zilizopambwa kwa michoro ya rangi.

Maiti hazikuonekana. Vito navyo karibu vyote havikuwepo. Tabaka za udongo zinasimulia mfuatano: kwanza tetemeko liliangusha nyumba, watu wakarudi, wakakusanya kifusi na kuanza ukarabati. Katika nyumba moja mafundi waliacha chungu cha lipu na kingine cha rangi nyekundu, kazi ikiwa haijaisha. Kisha likaanguka tabaka jembamba la majivu, wakaondoka. Ndipo mlima ukalipuka kwa nguvu zote. Naustahi sana uamuzi wa watu wale, walioacha mji mzuri namna hiyo kwa sababu ya vumbi tu. Kama vyombo vyao vya baharini viliwahi kufika mbali, udongo hausemi.

Hatari haimo ndani ya shimo peke yake. Kilomita 7 kaskazini-mashariki ipo Kolumbo, volkano ya chini ya bahari. Ilipolipuka 1650, gesi zake ziliua watu wapatao 70 kisiwani, pamoja na mifugo mingi.

Mapema 2025 ardhi ilitetemeka maelfu ya mara kati ya Santorini na kisiwa cha Amorgos. Shule zilifungwa, na zaidi ya watu 10,000 wakaondoka kwa feri na ndege. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba magma ilikuwa ikijipenyeza kwenye nyufa chini ya sakafu ya bahari, ikasimama kabla ya kufika juu. Wanasayansi sasa wameweka vyombo vya kupimia ndani ya kreta ya Kolumbo, mita 500 chini ya maji, ambako maji ya moto na gesi vingali vinabubujika.