Maradhi ya Siri na Kazi Mpya

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma, watu wengi wamekuja mji huu kutafuta kazi. Miongoni mwao wamo wenye maradhi yasiyoonekana kwa macho: kisukari, pumu, kifafa na shinikizo la damu. Mathalan, mtu wa Kondoa mwenye kisukari, ambaye mkubwa wake wa kazi amekwisha kumzoea na kujua siku zake za kwenda kliniki, akipata kazi iliyo bora zaidi Dodoma hujiuliza: Je, niseme au ninyamaze? Akisema, achelea kunyimwa riziki ya wanawe. Akinyamaza, achelea kuwa amefanya khiyana.

Ndugu msomaji, yapasa kwanza tupambanue baina ya kunyamaza na kusema uongo. Maradhi ni siri ya mtu, wala dini haikumlazimisha kuitangaza kwa kila amwulizaye. Lakini akipewa karatasi yenye swali, kisha akaandika kuwa ni mzima ilhali ajua kuwa ni mgonjwa, hiyo si sitara tena. Mtume (s.a.w.) alimkemea mfanyabiashara aliyeficha nafaka mbichi chini ya kavu, na mwenye kuuza kazi ya mikono yake naye ni muuzaji.

Tena, katika Sura ya Al-Qasas, binti wa mzee wa Madyan alimweleza baba yake kuwa mtu bora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Basi suala ni hili: Je, maradhi haya yanagusa nguvu inayotakiwa na kazi hii? Karani mwenye kisukari hamdhuru mtu. Lakini dereva wa basi liendalo Singida, ikiwa hupatwa na kifafa, amebeba roho za watu, na kwake yeye kunyamaza si halali. Abu Dharr, pamoja na ucha Mungu wake, alipotaka uongozi aliambiwa na Mtume kuwa ni dhaifu kwa amana ile. Na Ibn Umm Maktum, aliyekuwa kipofu, alikuwa mwadhini, na aliachiwa Madina aisimamie. Kila mmoja alipimwa kwa kazi yake, si kwa kasoro yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo yaenda njia hiyo. Yakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu au virusi vya UKIMWI, hata kwa mwombaji kazi. Lakini yaruhusu kutofautisha watu kwa jambo ambalo kazi yenyewe hailiachi. Kisukari hakikutajwa kwa jina. Yatoa pia siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Ila asiyetimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Basi ahamaye kazi na alikumbuke hilo kabla ya kuaga.

Twamnasihi mgonjwa asiyeulizwa, na ambaye maradhi yake hayamdhuru mtu, angoje apewe kazi kwanza. Kisha aende na barua ya daktari, aeleze kile tu kinachohusu kazi: saa ya kula, saa ya dawa, siku ya kliniki. Na mwenye kutumia insulini amwambie walau mwenzake mmoja aliye karibu, kwani sukari ikishuka mtu hutetemeka na kuchanganyikiwa, na huokolewa kwa kupewa kitu kitamu angali na fahamu zake.

Nawe mwajiri, uliyeambiwa siri hiyo, umewekewa amana. Ukiipeleka barazani, khiyana ni yako. Wala usimfukuze msema kweli, usije ukawafundisha wengine kusema uongo.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe riziki ya halali. Amin.