Trela Nyuma ya Gari Dogo: Hatari Iko Mteremkoni

Asubuhi ya siku ya soko, mtu akisimama kando ya barabara itokayo Kinangop kuingia Naivasha, huona magari madogo ya kila namna yakivuta matrela. Moja limebeba viazi na kabichi, la pili tangi la maji, la tatu ndama wawili waliofungwa kamba, na mara moja moja hupita mashua ikielekea ziwani. Trela ni msaada mkubwa kwa mkulima. Asiye na fedha za kununua lori aweza kuchukua mazao yake kwa gari lile lile apelekalo watoto shuleni, na jioni akalifungua trela na kuliacha uani mpaka siku nyingine ya kazi.

Walakini wengi wanaonunua trela hujiuliza swali moja tu, yaani kama gari litaweza kulivuta. Hulifunga, hupanda nalo kilima kimoja, na wakiona injini haikushindwa hurudi nyumbani wameridhika. Swali hilo si baya, maana katika nchi hii ya juu injini haina nguvu zake zote. Mji wa Naivasha uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi. Injini isiyosukumiwa hewa na turbo hupoteza karibu sehemu 10 katika 100 za nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, hata gari lililovuta mzigo vizuri kule Mombasa hupungukiwa na karibu moja ya tano ya nguvu zake likifika hapa. Lakini gari likishindwa kupanda, hasara yake ni ndogo: dereva husimama, hupunguza mzigo, au hurudi alikotoka. Likishindwa kusimama ni jambo jingine kabisa.

Uwanda wa Kinangop uko juu zaidi ya mita 2,400. Basi mkulima ateremkaye kutoka huko na viazi vyake hushuka kiasi cha mita 500 kabla hajafika mjini, na katika safari hiyo yote mzigo ulio nyuma humsukuma. Breki za gari dogo zilitengenezwa kusimamisha gari hilo pamoja na watu wake na mizigo yao michache. Akiongeza trela lisilo na breki zake lenyewe, breki zile zile nne zapaswa kubeba kazi ya magari mawili. Zikitumiwa mfululizo hupata moto sana, mafuta ya breki huanza kuchemka, na pedali huzama mpaka chini pasipo kushika kitu. Dereva hupata onyo kabla ya hapo, kwa kuwa breki zilizopata moto hutoa harufu kali ya kuungua. Aisikiaye harufu hiyo asimame mara moja mahali pa usalama, aweke mawe nyuma na mbele ya magurudumu, angoje zipoe zenyewe, wala asizimwagie maji.

Watu wa Naivasha hawahitaji kukumbushwa maana ya chombo kushindwa kusimama. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2016, lori lililobeba kemikali ishikayo moto upesi lilimshinda dereva katika mteremko wa Karai, likayagonga magari mengine, moto mkubwa ukawaka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Lile lilikuwa lori kubwa, si gari dogo lenye trela. Lakini mteremko ni ule ule, na uzito haumjui mwenyewe.

Jambo la kwanza, basi, ni kujua uzito. Kila gari lina kitabu chake, na ndani yake mwenye kiwanda ameandika ni kilo ngapi gari hilo laweza kuvuta, likiwa trela lina breki na likiwa halina. Hesabu hiyo huchanganya trela lenyewe na mzigo wake. Katika Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, trela lisilo na breki haliruhusiwi kupita jumla ya kilo 750, na kwa magari mengi madogo kikomo kilichoandikwa kitabuni ni chini ya hapo. Kipimo hicho chafaa kukumbukwa na mtu yeyote akaaye karibu na miteremko kama hii yetu. Trela la chuma la kawaida likiwa na kilo 250 lenyewe, zimebaki kilo 500 za mzigo, nazo ni magunia 10 ya viazi ya kilo 50.

Lakini ni gunia gani la kilo 50? Kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka kilo hizo kuwa mwisho wa gunia, hata hivyo yako mashamba ambayo bado hushona magunia yenye vilemba, yaliyojazwa mpaka yakapita kilo 100. Magunia 10 ya namna hiyo ni tani nzima. Mwenye gari ahesabuye magunia na asihesabu kilo anajidanganya mwenyewe, na mnunuzi amhimizaye aongeze mawili juu hatakuwapo mteremkoni. Maji nayo huwadanganya wengi kwa kuwa ni kitu cha kila siku: tangi la lita 1,000 likijaa lina tani moja, na likiwa nusu maji hukimbia huku na huku na kulitikisa trela kila penye kona. Yafaa kuchukua tangi dogo lililojaa kuliko tangi kubwa lililo nusu.

Jambo la pili ni mahali pa kuuweka mzigo, na hapa ndipo wapakiaji wengi hukosea, tena kwa nia njema. Wao huona mkono wa trela umelemea nyuma ya gari, wakamhurumia mwenye gari, wakasogeza magunia nyuma mpaka mkono ukawa mwepesi wa kuinuliwa kwa kidole. Trela lililopakiwa hivyo ni baya kuliko lililozidishwa mzigo. Likifika mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa huanza kucheza mkia: huenda kushoto, hurudi kulia, na kila mara huzidi, mpaka linaigeuza nyuma ya gari na pengine kulipindua. Mkono wa trela hauna budi kuwa na uzito kiasi. Waingereza hufundisha sehemu 5 mpaka 7 katika 100 za uzito wote wa trela. Wamarekani, ambao matrela yao ni ya namna nyingine, husema 10 mpaka 15. Kwa trela la kilo 600, kipimo cha Waingereza ni kilo 30 mpaka 42, yaani karibu na gunia moja dogo la mbolea. Kitabu cha gari hutaja pia mwisho wa uzito uwezao kuwekwa juu ya tufe la kuvutia, nao usipitwe.

Kupima si kazi ngumu wala hakuhitaji fundi. Trela hupakiwa na kusimamishwa mahali tambarare, magurudumu yake yakazuiwa kwa mawe. Kisha mizani ya kupimia watu huwekwa chini ya mkono wake, na juu ya mizani kipande cha mti kilichokatwa kwa urefu ule ule wa tufe la gari. Mkono ukishushwa juu ya mti huo, mizani husema. Uzito ukipungua, vitu vizito husogezwa mbele kidogo. Ukizidi, hurudishwa nyuma. Kanuni ya kufaa ni kuweka vizito chini na juu ya ekseli, vyepesi mbele na nyuma, kisha kufunga vyote kwa kamba, maana gunia likihama njiani hesabu yote imeharibika.

Na trela likianza kucheza mkia barabarani, dereva afanye nini? Aondoe mguu kwenye mafuta, aushike usukani imara ukiwa umenyoka, aache mwendo upungue wenyewe. Asikanyage breki kwa nguvu, wala asijaribu kuurudisha mkia kwa kugeuza usukani huku na huku, maana mkono wa mtu huchelewa kidogo na kila ageuzapo huongeza. Wako wasemao kwamba dawa yake ni kuongeza mwendo ili kulinyosha trela. Shauri hilo likifuatwa mteremkoni huleta msiba.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika chache, lakini yataka macho. Tufe la gari na kikombe cha trela sharti viwe vya kipimo kimoja. Kile cha milimita 50 ndicho cha kawaida kwa matrela yaliyotengenezwa kwa kipimo cha Ulaya, na mengine yana kipimo tofauti kidogo, hata kikombe hukaa juu ya tufe kama kwamba kimeshika na kumbe hakikushika. Njia ya kujua ni kuuinua mkono wa trela kwa jeki baada ya kuufunga. Nyuma ya gari ikiinuka pamoja nao, kikombe kimeshika. Halafu minyororo miwili hupitishwa chini yake kwa kupishana kama herufi X, ili tufe likikatika mkono uanguke juu ya minyororo usichimbe barabara. Taa za nyuma hujaribiwa na mtu wa pili, na tairi hutazamwa ubavuni, kwa kuwa tairi la trela huharibika kwa kukaa juani kuliko kwa kutembea. Katika Kenya trela huandikishwa lenyewe na kupewa nambari yake, ianzayo kwa herufi Z. Na kabla ya safari ya kwanza yafaa mwenye gari aulize kama bima yake imelitaja.

Sasa turudi mteremkoni. Wajenzi wa reli ya Uganda walipofika ukingo wa Bonde la Ufa, hawakuweza kungoja njia ya kudumu ikamilike. Kwa muda, karibu mwaka 1900, waliteremsha mabehewa kwa kamba nene za chuma, behewa lishukalo likisaidia kulivuta lile lipandalo. Walijua kwamba katika ukingo ule kuzuia ndiyo kazi. Dereva wa leo hana kamba, lakini ana gea. Gea ndogo huifanya injini kulizuia gari, na breki zikapumzika. Aingie gea hiyo kabla ya kuanza kushuka, si katikati baada ya mwendo kumzidi, na agundue mapema kwamba mwendo mdogo ni akiba: gari liendalo kilomita 80 kwa saa hudai kutoka kwa breki mara 4 ya lile liendalo 40. Breki hukanyagwa kwa nguvu kiasi, mwendo ukapungua, kisha zikaachwa zipoe; hazishikwi kidogo kidogo njia nzima. Ayafuate hayo pia katika barabara ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia, na ambayo kanisa lao dogo la mwaka 1942 lingali kando yake. Barabara hiyo ni nyembamba, malori ni mengi, na mahali pa kukimbilia ni pachache.

Upande wa juu kuna upepo. Jina la Kijabe lenyewe latoka katika Kimaasai, na maana yake ni mahali pa upepo. Trela lenye turubai refu hushikwa na upepo wa ubavuni kama tanga, na lori kubwa lipitapo karibu kwanza hulisukuma kisha hulivuta. Kukiwa na ukungu ndio vibaya zaidi. Dereva wa trela apunguze mwendo kabla lori halijamfikia, aache nafasi mbele mara mbili ya ile aliyoizoea, na asijaribu kulipita gari jingine ila aone mbali sana, maana yeye ni mrefu kuliko adhaniavyo.

Kona nazo hukatwa na trela kwa ndani, hata kama gari limepita salama. Nguzo nyingi za malango zimeangushwa hivyo. Kurudi nyuma huwashinda wengi mwanzoni. Njia rahisi ni kushika usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, trela huenda kushoto. Afadhali mtu ajifunze katika uwanja mtupu siku ya Jumapili kuliko sokoni mbele ya watu wanaopiga kelele kila mmoja shauri lake. Na abiria wakae ndani ya gari. Kijana aketiye juu ya magunia ili kuyalinda hana cha kushika trela likiruka.

Wenye mashua wana jambo lao la peke yao. Baada ya safari ya barabara, beringi za magurudumu huwa na moto. Zikizamishwa papo hapo katika maji baridi ya ziwa, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji na matope. Girisi huharibika, chuma hushika kutu, na miezi michache baadaye gurudumu hukwama au huchomoka njiani. Kwa hiyo afikaye ufuo wa Kamere angoje kwanza mpaka kitovu cha gurudumu kiweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza. Achomoe waya wa taa kabla ya kurudi nyuma kuingia majini. Na baada ya siku nyingi za kuzamisha, gurudumu lifunguliwe, beringi zioshwe, zikaushwe, zitiwe girisi mpya.