Wa kwanza alicheua. Je, wa pili naye?

Siku ya kliniki ya watoto, kuanzia Busawe hadi Mugumu na Tarime mjini, kinamama hukaa kwenye benchi na kanga begani, na kanga hiyo haikawii kulowa. Mtoto ananyonya, anatulia, kisha maziwa yanamtoka mdomoni bila hata kukunja uso. Mama wa mtoto wa kwanza hushtuka. Mwenye wa pili au wa tatu hashtuki, ila huwa na swali lake: kaka yake alikuwa hivi hivi, kwani hii ni ya ukoo? Majibu hayakosekani pale kwenye benchi. Mengine ni ya kweli, mengine ya kutunga, na machache ni ya kumwangamiza mtoto.

“Wa kwanza akicheua, wadogo zake lazima wacheue.”

Uzushi, ingawa wengi wao watacheua kweli.

Mwisho wa umio, pale chakula kinapoingilia tumboni, pana msuli wa kubana. Kwa mtoto mchanga msuli huo hulegea mara nyingi kwa siku. Umio wenyewe ni mfupi, tumbo ni dogo, chakula ni maziwa matupu, na mlaji amelazwa karibu kutwa nzima. Ajabu ingekuwa asicheue. Mwaka 1997 watafiti wa eneo la Chicago, Marekani, walichapisha majibu ya wazazi 948 wa watoto wenye afya njema. Nusu ya watoto wa hadi miezi mitatu walikuwa wakicheua angalau mara moja kwa siku. Kilele kilikuwa mwezi wa nne, asilimia 67. Kufikia miezi 10 hadi 12 walibaki asilimia 5 tu.

Sasa piga hesabu. Ikiwa nusu ya watoto wote hucheua, wa pili ana nafasi ya nusu kwa nusu hata kama kaka yake hakuwahi kuchafua kanga ya mtu. Ni sawa na kurusha shilingi: ikilalia upande uleule mara mbili, huendi kumtafuta aliyeiroga. Mama wa watoto sita aliyefutafuta maziwa ya wanne kati yao hana ukoo wa ajabu. Tena aliyeteseka na wa kwanza humwangalia wa pili kwa jicho kali, kila tone analihesabu. Wale waliocheua kidogo tu hapo katikati amekwisha kuwasahau.

“Basi hakuna urithi wowote.”

Huu nao ni uzushi, wa upande wa pili. Kuna watoto wachache ambao kwao asidi ya tumboni huunguza umio, wakakataa kunyonya na kudhoofu. Hapo damu ina sehemu yake. Mwaka 2000 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walizichunguza familia tano zenye watoto walioumwa vibaya, wakafuata chanzo hadi kipande kimoja cha kromosomu ya 13. Mwaka 2002 zikachunguzwa familia nyingine tano, na kipande hicho hakikuhusika kabisa. Mwaka huohuo utafiti wa mapacha watu wazima nchini Sweden ulikadiria kwamba karibu theluthi moja ya mwelekeo wa kupata ugonjwa huu hutokana na vinasaba. Wale walikuwa wazee wa miaka 55 na zaidi wenye kiungulia, si wachanga wa miezi minne. Kwa hiyo urithi upo, lakini ni mdogo, na hauko mahali pamoja.

Huku mkoani Mara swali hili lina mkunjo wake. Kwenye boma lenye wake watatu, watoto wa baba mmoja wana mama tofauti. Katika nyumba ntobhu, ambako mwanamke humwoa mwanamke ili apate watoto wa kuendeleza nyumba yake, watoto wa mama mmoja huenda wana baba tofauti. Ndugu wa baba na mama mmoja hushirikiana kwa wastani nusu ya vinasaba vyao, na wa upande mmoja, robo. Bibi anayesema watoto wote wa boma lake hucheua anaeleza tabia ya watoto wachanga, wala si tabia ya damu ya boma.

Kuna pia mambo yanayojirudia kwa njia ya kuzunguka. Mama aliyewahi kujifungua mtoto njiti ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua njiti tena, na njiti hucheua zaidi. Familia zenye pumu na ukurutu huwa na watoto wengi zaidi ambao miili yao hukataa protini ya maziwa ya ng'ombe, na hali hiyo hufanana sana na kucheua kwa kawaida, isipokuwa mara nyingi huja na vipele, kuharisha au damu kwenye choo. Boma lenye ng'ombe wa maziwa halikosi mtu wa kushauri mtoto aonjeshwe mapema. Hapo ndugu wawili wanaweza kutapika kwa sababu moja, nayo imo kibuyuni.

“Wawili mfululizo? Hao wamebemendwa.”

Uzushi, na unavunja ndoa za watu. Tendo la ndoa haliingizi chochote kwenye maziwa ya mama, na baba aliyetoka nje ya ndoa hamtapishi mtoto, hata kama ana makosa mengine ya kujibu. Mimba changa nayo haigeuzi maziwa kuwa sumu. Huenda yakapungua na ladha ikabadilika, basi. Nikiri tu kwamba nyuma ya hofu hii wazee walikuwa na hoja: kutenganisha uzazi. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Ila hoja hiyo ina njia yake pale dirisha la uzazi wa mpango, haihitaji kumtwisha mama lawama kwa sababu ya maziwa yaliyomwagika begani.

“Kaka yake alipona alipotolewa meno ya plastiki.”

Huu ndio uzushi unaonikera kuliko yote, kwa sababu mtoto wa pili hupelekwa mapema kuliko wa kwanza. “Tusisubiri ateseke kama mwenzake.” Imani hii ilienea Tanzania miaka ya 1980: mtoto akitapika, akiharisha au akipata homa, ufizi hukaguliwa, na uvimbe mdogo mweupe ukionekana pale yatakapotokea machonge, husemwa ni jino la plastiki, au la nailoni. Kinachochimbuliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli ni chipukizi halisi la jino la utoto. Ni laini na jeupe kwa sababu halijakomaa, na kila mtoto analo, anayecheua na asiyecheua. Baada ya hapo hufuata kuvuja damu, vidonda kuoza, pepopunda, na hatari ya virusi vya Ukimwi kwa chombo kilichopita midomoni mwa watoto wengine. Anayesalimika huenda akakua na pengo, hata jino la ukubwani likaota limepinda au lisiote.

Kukata kimeo ni ndugu wa jambo hilohilo, na madaktari wamewapokea watoto wengi waliovujishwa damu na wakata vimeo.

Kwa nini basi watu wazima wenye akili zao wanaapa kwamba inaponya? Rudi kwenye zile takwimu za Chicago. Kucheua hupanda hadi mwezi wa nne, kisha hushuka kwenyewe. Mzazi huchoka kilele kikifika, na ndipo anapomtafuta fundi. Yeyote atakayemgusa mtoto wakati huo, awe mchimba meno, mkata kimeo au muuza dawa ya mchango, atakuta hali inaelekea kupoa na sifa atachukua yeye. Wa pili akifuata mkondo uleule, sifa inakuwa ushahidi.

“Anayecheua hanenepi, maziwa yote yanatoka.”

Uzushi kwa walio wengi. Chukua kijiko kimoja cha maziwa ukimwage kwenye kanga kavu. Doa litakalotokea utaapa ni nusu kikombe. Badala ya doa, angalia kadi ya kliniki. Mtoto akishaning'inizwa kwenye mizani, muuguzi huweka nukta kwenye chati. Nukta zikipanda sambamba na mistari iliyochorwa, mtoto anakula, hata kama kila nguo nyumbani inanuka maziwa. Zikilala au kushuka mwezi hadi mwezi, hapo pana la kuuliza. Usiilinganishe na kadi ya kaka yake. Aliyezaliwa na kilo 3.8 na aliyezaliwa na 2.6 wana njia zao.

“Ile dawa ya kaka yake bado ipo, mpe.”

Hapana. Mwaka 2009 yalichapishwa majaribio ya dawa ya kupunguza asidi, lansoprazoli, kwa watoto 162 wa chini ya mwaka mmoja. Nusu walipewa dawa yenyewe, nusu wakapewa ya bandia isiyo na kitu. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 54 kwa dawa, na asilimia 54 kwa bandia. Tofauti ilionekana upande mbaya: waliopewa dawa halisi walipata zaidi maambukizi ya mapafu. Kwa mtoto mwenye ugonjwa uliothibitishwa daktari anaweza kuamua vingine, kwa dozi ya uzito wa mtoto huyo, si wa yule aliyepona miaka miwili iliyopita.

Uji wa ulezi au wa mhogo wa kuzuia maziwa yasipande nao usubiri miezi sita itimie. Kabla ya hapo huleta kuharisha na kuyapunguza maziwa ya mama. Kinachosaidia hakiuzwi: kunyonyesha kidogo kidogo mara nyingi, kumcheulisha begani, kumshika wima nusu saa hivi, na kutombana tumbo kwa nguo.

“Alazwe kifudifudi asije akapaliwa.”

Uzushi, na wa hatari. Mtoto akilala chali njia ya hewa inakuwa juu ya umio, hivyo maziwa yakipanda hurudi chini yalikotoka. Kifudifudi ni kinyume chake, na huongeza vifo vya ghafla usingizini.

“Kuna kutapika kunakofuata ndugu.”

Kweli, ila si kucheua. Kwa baadhi ya wachanga msuli wa mlango wa kutokea tumboni kwenda kwenye utumbo hunenepa hadi ukaziba. Dalili huanza sana sana kati ya wiki ya tatu na ya sita: maziwa yanaruka mbali kwa nguvu kila baada ya kunyonya, hayana rangi ya nyongo, na dakika hiyohiyo mtoto anataka kunyonya tena. Siku zikipita mkojo unapungua na uzito unaanguka. Wavulana hupata takriban mara nne ya wasichana. Nchini Denmark watoto karibu milioni 2 waliozaliwa kati ya 1977 na 2008 walifuatiliwa, na 3,362 kati yao walifanyiwa upasuaji wa tatizo hili. Ndugu wa baba na mama mmoja walikuwa na hatari mara 20 hivi kuliko mtoto mwingine yeyote, wa upande mmoja mara 5, na pacha wa kufanana karibu mara 200. Hata hiyo mara 20 yenyewe ni kama watoto watatu katika mia.

Matibabu ni upasuaji mfupi uliotokana na kazi ya Mjerumani Conrad Ramstedt mwaka 1912, na mtoto hupona kabisa. Kutoka hospitali za Mugumu na Tarime, baada ya kuongezewa maji, rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Matapishi ya kijani au yenye damu, utosi uliovimba, homa, mtoto kulegea au kutapika kila anachomeza ni safari ya siku hiyohiyo, iwe kaka yake alicheua au hakucheua. Na kama kaka au dada yake alipasuliwa tumbo akiwa mchanga, mwambie muuguzi kabla mtoto hajawekwa kwenye mizani, maana habari hiyo haimo kwenye kadi mpya.