Bendi kongwe, okestra na kamera: onyesho la usiku mmoja, hesabu za miaka mingi

Onyesho la muziki ni bidhaa inayoharibika haraka kuliko nanasi la Kiwangwa. Nanasi lisipouzwa leo Buguruni, kesho litashushwa bei na bado litapata mnunuzi. Kiti cha ukumbini kisipouzwa kabla muziki haujaanza hakina bei tena. Ndiyo maana waandaaji wa maonyesho makubwa duniani hawategemei tiketi peke yake. Huweka kamera na mitambo ya kunasa sauti, wakauza picha na muziki wa usiku ule kwa miaka inayofuata.

Jambo hili linawahusu wafanyabiashara wa ukanda wa Bunju, Mapinga, Kerege na Bagamoyo mjini. Wenye nyumba za wageni, jenereta, mahema, viti vya kukodisha na magari ya abiria ndio wanaofuatwa kwanza tamasha linapoandaliwa. Huombwa watoe huduma sasa na walipwe baadaye, au wachangie mtaji na kuahidiwa sehemu ya faida. Kabla ya kutia saini, inafaa kuelewa fedha ya onyesho lililopigwa picha inatoka wapi, na mali inayobaki ni ya nani.

MFANO WA LONDON

Bendi ya roki ya Deep Purple ya Uingereza iliundwa mwaka 1968. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 24, 1969, ilipanda jukwaa la Royal Albert Hall mjini London pamoja na okestra ya Royal Philharmonic iliyoongozwa na Malcolm Arnold. Muziki wenyewe ulitungwa na mpiga kinanda wa bendi hiyo, Jon Lord. Onyesho lilirekodiwa na kupigwa picha, na sahani ya santuri ikatolewa.

Kisha ikatokea hasara ambayo kila mwenye stoo ataielewa. Mwaka 1970 makaratasi ya nota za kazi nzima yalipotea. Pasipo makaratasi hayo hakuna okestra inayoweza kupiga, kwa kuwa kila mpiga fidla, kila mpiga tarumbeta na kila mpiga besi husoma sehemu yake. Kwa karibu miaka 30 mali hiyo ilikuwapo kwa jina, lakini haikuweza kufanyiwa kazi jukwaani.

Iliyoiokoa ni rekodi. Mtunzi wa Kiholanzi, Marco de Goeij, alisikiliza sahani na kutazama picha za onyesho la 1969, akaandika upya nota moja baada ya nyingine. Jon Lord na kiongozi wa okestra Paul Mann wakasaidia kuikamilisha. Septemba 1999 bendi hiyo, sasa ikiwa kongwe, ilirudi katika ukumbi uleule kwa usiku 2, safari hii pamoja na okestra ya London Symphony. Kamera zilikuwapo tena. Zikatoka sahani na filamu, na mwaka 2000 kazi hiyo ikasafirishwa hadi Amerika ya Kusini na Ulaya.

Kwa lugha ya mfanyabiashara, filamu ya kwanza ilifanya kazi 2. Ilikuwa bidhaa ya kuuza, na ilikuwa pia ghala lililohifadhi mali ambayo vinginevyo ingepotea moja kwa moja.

MFANO WA SAN FRANCISCO

Metallica ya Marekani ilifanya biashara ya aina hiyo mara 2. Aprili 21 na 22, 1999 ilipiga na okestra ya San Francisco Symphony katika mji wa Berkeley, chini ya uongozi wa Michael Kamen. Sahani na filamu vilitoka mwaka huohuo. Miaka 20 baadaye, Septemba 6 na 8, 2019, ikarudia na okestra ileile katika ukumbi mpya wa Chase Center.

Tofauti ilikuwa katika soko. Mwaka 1999 filamu iliuzwa kwa kanda na sahani. Mwaka 2019 ilipelekwa kwanza katika sinema za nchi nyingi kwa siku moja, Oktoba 9, na mapato yaliyotangazwa yalizidi dola milioni 5. Sahani na filamu ya nyumbani zikafuata Agosti 2020. Kwa hiyo onyesho moja liliuzwa mara 3: mlangoni, sinemani, na majumbani.

Hata hivyo, Metallica ilikuwa na wapenzi waliokusanywa kwa zaidi ya miaka 30. Okestra haikuwaleta wapenzi hao. Ilichofanya ni kuwapa sababu mpya ya kununua nyimbo wanazozijua tayari.

PWANI YA KWETU

Hapa nchini neno "okestra" lina maana nyingine. DDC Mlimani Park Orchestra, yaani Sikinde, iliyoanzishwa mwaka 1978, ni bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma na matarumbeta. Okestra ya simfoni ni kundi la watu 60 hadi 100 wanaosoma nota, na wengi wao hupiga vyombo vya nyuzi.

Jamaa wa karibu zaidi wa okestra hiyo katika pwani yetu yuko ng'ambo ya maji. Ikhwani Safaa ya Zanzibar imekuwapo tangu 1905, na Culture Musical Club tangu 1958. Taarabu yao ya asili ilifuata mfano wa okestra za Cairo, zile zilizosikika katika filamu za Misri: fidla nyingi, selo, besi kubwa, udi, ganuni na akodiani. Ndiyo kusema kuunganisha bendi kongwe ya dansi, mathalani Msondo Ngoma yenye mizizi katika NUTA Jazz ya 1964, na safu ya fidla za Unguja si ndoto ya mbali kama inavyoonekana.

Kongo nayo imeonyesha kuwa simfoni inawezekana bila hazina ya Ulaya. Okestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Mwaka 2010 watengeneza filamu wa Kijerumani, Claus Wischmann na Martin Baer, walitoa filamu ya Kinshasa Symphony, na okestra hiyo ikajulikana ulimwenguni. Sifa ilikuja kupitia kamera, na kamera hiyo ilitoka nje.

Bagamoyo ina jukwaa tayari. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Tamasha lake limekuwa likivuta wageni tangu miaka ya mwanzo ya 1980. Ukumbi wa zamani uliungua mwaka 2002 na mwingine ukajengwa. Umbali wa Dar es Salaam ni kama kilomita 70, na barabara ya Msata inaunganisha mji huo na wateja wa kaskazini.

HAKI ZILIZOMO NDANI YA FILAMU MOJA

Mnunuzi wa gunia la chumvi hununua kitu kimoja kutoka kwa mtu mmoja. Filamu ya onyesho ni gunia lenye wenyewe wengi. Kwanza yuko mtunzi wa wimbo. Pili yuko aliyeupanga upya kwa ajili ya okestra na kuandika nota. Tatu wako wapigaji na waimbaji, kila mmoja. Nne yuko aliyegharimia kurekodi sauti. Tano yuko aliyegharimia picha.

Mmoja tu kati yao akikataa, filamu haiuziki. Kituo cha televisheni kilicho makini au mtandao wa nje huomba kwanza karatasi za ridhaa, ndipo kizungumzie bei. Kwa bendi kongwe hapa ndipo penye mtego, kwani watunzi wengi wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 wamefariki, na haki zimehamia kwa warithi wao. Wimbo unaopigwa kila wiki katika baa unaweza kuwa na warithi 6 katika mikoa 4.

Hasara ya kuuza haki bila kuelewa inajulikana. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo wa Mbube mwaka 1939, na inasimuliwa kuwa alilipwa shilingi 10. Wimbo huo ulizunguka dunia na kuingia katika filamu za Marekani. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Warithi wake walipata mapatano mwaka 2006 tu, baada ya kesi.

SHERIA

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Ulinzi wa mtunzi huendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Neno "hakishiriki" ndilo linalowahusu wapigaji, warekodi na watangazaji, ambao hawakutunga lakini wamechangia. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Onyesho linalounganisha bendi ya Dar es Salaam na wapigaji wa Unguja linavuka mipaka ya sheria 2, na mkataba useme wazi ni ipi itakayotumika.

Aidha, upigaji picha wa filamu huhitaji kibali cha Bodi ya Filamu, na shughuli za muziki jukwaani ziko chini ya BASATA. Gharama za vibali ziwekwe katika bajeti tangu mwanzo.

HESABU

Tuchukue mfano wa kufikirika. Bendi ya watu 15 na okestra ya watu 45 wanaandaa usiku mmoja Bagamoyo. Mazoezi, nauli, malazi na posho ni Sh. milioni 24. Mpangaji wa muziki na uchapaji wa nota, milioni 4. Ukumbi, jukwaa, taa na jenereta, milioni 10. Kunasa sauti, milioni 8. Kamera na uhariri, milioni 12. Vibali, bima na matangazo, milioni 6. Jumla ni milioni 64.

Tiketi 1,200 kwa Sh. 20,000 zinaleta milioni 24. Wadhamini na vibanda wakileta milioni 10, mapato ya usiku ule ni milioni 34. Pengo ni milioni 30. Hata kamera na mitambo ya kurekodi ikiondolewa, hasara ya milioni 10 inabaki. Okestra ina watu wengi mno kulipwa na mlango peke yake.

Sasa wawekezaji wadogo 30 wanatoa milioni 1 kila mmoja kuziba pengo. Wanakubaliana kuwa mapato ya filamu yarudishe kwanza milioni 30 zao, na ziada igawanywe asilimia 60 kwa wasanii na 40 kwa wawekezaji. Filamu ikiingiza milioni 50 halisi katika miaka 5, ziada ni milioni 20 na sehemu ya wawekezaji ni milioni 8. Kila mmoja amepata kama Sh. 267,000 juu ya milioni yake, yaani wastani wa takriban asilimia 5 kwa mwaka. Hatifungani za Serikali za muda kama huo zimekuwa zikilipa zaidi ya hapo, bila wasiwasi wa mvua wala kiongozi wa bendi kuugua.

Biashara hii, basi, haina faida nono ya haraka. Inaanza kuvutia pale tu haki zinapodumu kupita miaka 5, au mwekezaji anapopata pia kazi ya kawaida katika onyesho. Mwenye jenereta anayelipwa taslimu siku hiyo na kubakiza hisa ndogo ya filamu yuko salama kuliko anayeacha malipo yote yageuzwe kuwa hisa.

MAMBO YA KUKAGUA

La kwanza ni neno "pato halisi". Mkataba ueleze ni gharama zipi zitakatwa kabla ya mgawo, na nani atakagua vitabu. Pato halisi lisilofafanuliwa huweza kukatwa hadi likaisha.

La pili ni sauti. Magitaa ya umeme huzima fidla, na upepo wa bahari huingia katika vinasa sauti. Kila kundi la vyombo lirekodiwe katika mkondo wake ili lisawazishwe baadaye. Picha mbaya kidogo huvumilika, lakini filamu ya muziki yenye sauti mbovu haina mnunuzi.

La tatu ni majira. Onyesho la wazi wakati wa masika ni kamari.

La nne ni ghala. Nota, kanda za awali na mikataba viwe na nakala zaidi ya moja, katika majengo tofauti. Kwa miaka mingi bendi nyingi za dansi zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki katika maktaba ya redio. Kama zisingetunzwa, sehemu kubwa ya muziki huo isingesikika leo. Moto uliounguza ukumbi wa Bagamoyo mwaka 2002 unatosha kuwa onyo kwa anayefikiri kabati moja linatosha.

La tano ni orodha ya wenye haki. Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, mwandaaji aonyeshe jina la mtunzi wa kila wimbo na saini ya ridhaa yake au ya warithi wake. Asiyekuwa na orodha hiyo anauza tiketi za usiku mmoja tu, na mchango wake upimwe kwa bei ya tiketi.