SINDANO YA UZAZI HAICHOMWI NYUMBANI

Usiku mmoja wakati wa masika, baba mmoja aligonga mlango wangu karibu na zahanati. Alikuwa amelowa maji. Mke wake alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto hajatoka. Lakini baba yule hakuja na mke wake. Alikuja kutafuta sindano.

"Daktari, nipe ile sindano ya kuongeza uchungu," alisema. "Jirani yetu anajua kuchoma. Nitalipa."

Nilimnyima. Alikasirika sana. Nikamwambia, "Kaka, twende tukamlete mama hapa." Kijijini palikuwa na gari la mkaa lililolala kwa sababu ya matope. Dereva alikubali kutusaidia. Mama alipofika tulimpima. Tukaona mtoto amelala kingamo tumboni. Mtoto aliyelala hivyo hawezi kutoka, hata uchungu uwe mkali namna gani. Gari lile lile lilimpeleka hospitali, akapasuliwa. Leo mama yu hai, na mtoto wake yu hai.

Je, kwa nini nilimnyima sindano? Sindano ile ni mbaya? Hapana. Ni dawa nzuri sana. Imeokoa akina mama wengi. Lakini dawa hiyo hiyo, ikichomwa wakati usiofaa, inaweza kuua. Leo tujifunze habari zake.

Sindano hii ni nini?

Jina lake ni oksitosini. Ni dawa ya ukoo unaoitwa peptaidi. Ili kuelewa peptaidi, fikiri uzi wa shanga. Miili yetu inatengeneza vitu vingi kwa kuunganisha vipande vidogo, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetunga shanga. Uzi mrefu huitwa protini, kama ile iliyomo katika nyama, samaki na kunde. Uzi mfupi huitwa peptaidi. Oksitosini ni uzi mfupi sana. Ina shanga 9 tu.

Kila mama ana oksitosini yake mwenyewe. Inatoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Inapita katika damu mpaka kwenye mji wa mimba, na kuuambia ujikaze. Mtoto anaponyonya, oksitosini hutoka pia na kuyasukuma maziwa. Ndiyo maana mama aliyejifungua juzi husikia tumbo linakaza wakati wa kunyonyesha. Mji wa mimba unarudi mahali pake.

Mwaka 1906, mtaalamu wa Uingereza aitwaye Henry Dale aligundua kuwa maji yaliyotolewa katika tezi hiyo hukaza mji wa mimba. Kwa miaka mingi dawa ilitolewa katika tezi za wanyama. Mwaka 1953, Vincent du Vigneaud wa Marekani alifaulu kuzitunga shanga zile 9 mwenyewe katika maabara. Mwaka 1955 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Tangu hapo dawa hii inatengenezwa viwandani, na imefika mpaka zahanati za vijijini.

Inafanya kazi gani?

Mtoto akishatoka, kondo la nyuma hubanduka. Mahali lilipobanduka panabaki kama kidonda chenye mishipa mingi iliyo wazi. Mji wa mimba ukijikaza vizuri, mishipa hiyo hubanwa na damu hupungua. Ukilegea, damu humwagika kama maji ya mtungi uliopasuka.

Tazama chupa ya maji ya nusu lita. Damu ya kiasi hicho baada ya kuzaa tayari ni nyingi. Mama anaweza kufa kwa saa chache tu, na huenda alikuwa mzima kabisa asubuhi.

Kwa hiyo mkunga wa zahanati hafanyi mzaha. Mtoto akitoka, anapapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha wa pili. Kisha anamchoma mama sindano ya oksitosini. Mji wa mimba unakaza na damu inapungua. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama apewe dawa ya namna hii mara baada ya kuzaa, hata kama damu haijazidi.

Hatari yake iko wapi?

Hatari ya kwanza ni kuichoma kabla mtoto hajatoka. Dawa hukaza mji wa mimba, lakini haijui mtoto amelalaje. Kama njia ni ndogo, au mtoto amelala vibaya, mji wa mimba hukaza na kukaza mpaka ukapasuka. Mama aliyewahi kupasuliwa, na aliyezaa mara nyingi, wamo katika hatari zaidi. Mtoto naye hukosa hewa kwa sababu uchungu haupumziki. Hospitali huweza kuitumia kuongeza uchungu, lakini huipitisha katika dripu, tone kwa tone, na kumwangalia mama na mtoto kila wakati. Chumba cha upasuaji kiko karibu. Nyumbani hakuna vitu hivyo. Na sindano ikishaingia mwilini, hakuna awezaye kuitoa.

Hatari ya pili ni joto. Uzi wa shanga hukatika kwa joto. Oksitosini hutunzwa katika jokofu, baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa siku nyingi dukani, mfukoni au juu ya kabati, nguvu yake hupungua. Lakini kichupa bado kinaweza kuonekana safi kama maji. Macho hayatambui. Unaweza kununua dawa, ukachomwa, na damu isisimame.

Hatari ya tatu ni kudhani kuwa unaweza kuinywa. Tumbo huyeyusha peptaidi kama linavyoyeyusha maharage. Kwa hiyo ukiinywa haikusaidii kitu. Viko vidonge vya kuzuia damu baada ya kuzaa, lakini hivyo si peptaidi. Navyo pia hukaza mji wa mimba. Usivimeze kwa kuongeza uchungu. Vilevile mizizi ya kuharakisha uzazi: nguvu yake haipimwi, na baadhi hukaza mji wa mimba sana.

Dawa mpya ya ukoo huu

Tatizo la joto limewafikirisha wataalamu, kwa maana vijiji vingi havina jokofu la kutegemewa. Ipo dawa nyingine ya peptaidi iitwayo kabetosini, ambayo imetengenezwa ili istahimili joto. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya jaribio lake kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, zikiwamo Kenya na Uganda. Ilionekana kuzuia damu karibu sawa na oksitosini. Hili ni tumaini kubwa kwa watu wa vijijini. Lakini kumbuka: dawa hii ni ya baada ya mtoto kutoka tu. Si ya kuongeza uchungu.

Ukoo wa peptaidi una dawa nyingine pia. Insulini ya wagonjwa wa kisukari, iliyogunduliwa Canada mwaka 1921, ni ya ukoo huu. Nayo huchomwa, haimezwi, na joto huiharibu. Siku hizi utasikia katika simu matangazo ya sindano za peptaidi za kupunguza unene, kujenga misuli au kurudisha ujana. Baadhi ya dawa za kupunguza unene zimepimwa kweli, na hutolewa na daktari. Nyingine hazijapimwa kwa binadamu inavyotakiwa. Ukiuziwa kichupa na mtu usiyemjua, huwezi kujua ndani mna nini. Uliza kwanza zahanati. Usinunue.

Sasa tufanye nini?

1. Mama mjamzito, hudhuria kliniki mapema. Huko utapimwa damu, na mtoto atatazamwa amelalaje.

2. Panga kujifungulia zahanati au hospitali. Kama nyumba yako ni mbali, sogea kwa ndugu aliye karibu siku zikikaribia. Wakati wa masika usingoje uchungu uanze.

3. Baba, weka akiba ya nauli. Ukiuza korosho au muhogo, tenga kidogo. Patana na mwenye gari au pikipiki mapema, na uwe na namba yake ya simu.

4. Bibi zetu wakunga wa jadi, tunawaheshimu. Mmewapokea watoto wengi kabla sisi hatujazaliwa. Tunawaomba mumsindikize mama mpaka zahanati, mkae naye, mumtie moyo. Mizizi na sindano visitumike.

5. Mtoto akizaliwa njiani kwa bahati, mkaushe, mfunike, mweke kifuani kwa mama anyonye. Usivute kitovu ili kondo la nyuma litoke. Waleteni zahanati wote wawili upesi.

6. Baada ya kuzaa, damu ikilowesha kanga, au mama akisikia kizunguzungu na kutoka jasho la baridi, usingoje asubuhi. Mlete usiku huo huo.

Ndugu msomaji, yule baba alirudi zahanati baada ya wiki mbili. Safari hii alikuja mchana, pamoja na mkewe na mtoto, kwa ajili ya chanjo. Hakusema mengi. Aliniambia tu, "Siku ile nilikuchukia." Nikamjibu, "Najua, kaka. Karibu ukae." Kama wewe nawe umewahi kunyimwa sindano hii, usidhani umeonewa. Mlete mama. Hapa sindano ipo, na atachomwa kwa wakati wake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini oksitosini haimezwi?
2. Kwa nini ni hatari kuichoma kabla mtoto hajatoka?
3. Dawa iliyoharibiwa na joto inaweza kutambuliwa kwa macho?
4. Katika kitongoji chenu, mama akishikwa na uchungu usiku, nani ana chombo cha kumpeleka zahanati? Je, mmekwisha patana naye?